Kisha Upepo Hutulia

Vihingo, Kisarawe
29 Juni 1952

Shangazi yangu Bi Zubeda,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa salamu na kuulizana hali, nami nitaziandika hapo chini. Lakini nisipoanza na neno hili mkono utarudi nyuma, kama ulivyokwisha kurudi mara tatu. Neno lenyewe ni hili: mimi ndiye niliyemwandikia baba kwamba upepo wa kimbunga ukitulia, mtu atoke nje. Si kweli. Nililitunga mwenyewe. Sijamwambia mama, sijamwambia kungwi wangu, na hata katika sala nalipita upande.

Sasa salamu. Hujambo, shangazi? Goti lako limepoa? Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya watu waliofiwa. Idi ilipita kimya. Mama yumo katika eda, chumba cha mbele, nami mwali nimo chumba cha nyuma, na katikati yetu ni ukuta mmoja wa udongo. Majirani ndio wanaotuchotea maji. Wanasema nyumba hii ina wanawake wawili wazima na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kufika kisimani.

Najua unasoma mwenyewe, polepole, kwa kidole. Ndiyo sababu nimethubutu kuandika. Nakuomba usimpe mtu mwingine akusomee.

Shangazi, unakumbuka mwaka jana, mwezi wa kumi, nilipovunja ungo. Siku ile ilikuwa Jumatano. Mwalimu Sixtus alikuwa ametufundisha habari za kimbunga, jinsi kinavyozaliwa baharini na jinsi upepo wake unavyozunguka. Alichora ubaoni duara kubwa, na katikati akaacha mahali peupe. Mstari wa mwisho tulioandika katika madaftari ulikuwa huu: Kisha upepo hutulia. Kengele ikalia, akasema tutaendelea kesho. Kesho yake mimi nilikuwa ndani. Wakubwa walikwisha kuamua, nami sikurudi shuleni tena hata kuchukua kalamu yangu.

Januari baba akaenda kusini kuezeka maghala, akamchukua na Abeid wako ajifunze kazi ya mapaa. Machi akaniletea barua. Unajua baba alivyojifunza kusoma ukubwani na jinsi alivyopenda kuandikiana nami, ingawa herufi zake zilikuwa kama kuku wamepita juu ya majivu. Aliandika kwamba wazee wa huko wanaisimulia tufani ya zamani iliyong'oa minazi ya Unguja, ile ambayo babu alikuwa akiitaja. Akaniuliza kama mwalimu wetu alitufundisha kitu kama hicho. Alisema, "Wewe ndiwe msomi wa ukoo, na mimi ni fundi mapaa, upepo ndio adui yangu. Nifundishe nimjue."

Nilifurahi mno. Nilimwandikia yote niliyoyajua. Nilimwambia apate nyumba imara iliyo mbali na maji, na mabati yafungwe pande zote. Nikafika kwenye ule mstari wa mwisho. Hapo ningeandika kwamba sijui kilichofuata, maana nilitolewa shuleni. Niliona haya. Yeye ameniita msomi, nami nimwambie somo langu limekatika? Nikaandika "kisha upepo hutulia," halafu nikaongeza kutoka kichwani mwangu: "Hapo mtu amshukuru Mungu, atoke, akawatazame jirani zake na atengeneze kilichoharibika." Niliona ni maneno mazuri ya kumalizia. Yalikuwa kama ya kitabu.

Mwezi wa tano, kabla ya Ramadhani, alipokuja Isihaka, aliyefanya kazi pamoja nao huko kusini, na habari kamili za tufani ile ya Aprili, nilikuwa nyuma ya ukuta nikimsikia akiwaeleza wazee. Wewe hukuwapo, ulikuwa umelala na homa ya msiba wako. Alisema walijificha ndani ya ghala watu zaidi ya arobaini, na upepo ulivuma tangu alfajiri. Kisha ukakoma ghafla, hata jua likaonekana. Mabati ya upande mmoja yalikuwa yamelegea. Baba akasema tutoke tuyafunge, kwa kuwa mwanawe ameandika kwamba upepo ukitulia mambo yamekwisha. Akapanda, na Abeid akapanda. Wakiwa juu, upepo ukarudi kwa upande wa pili. Uliondoka na paa nao wakiwa juu yake.

Wazee walisikitika, kisha mmoja akasema angalau marehemu alikufa akimtaja mwanawe kwa sifa. Mama alilia kwa neno hilo, na lilimfariji.

Siku chache baadaye Genoveva, aliyekuwa akikaa nami dawati moja, alikuja kunitazama, akaniletea daftari lake. Nilifungua ukurasa wa Alhamisi. Mstari wa kwanza wa siku ile, shangazi, unasema: Utulivu huu ni hatari kuliko upepo wenyewe, kwa sababu ni katikati tu ya kimbunga, mtu yeyote asitoke.

Wewe umempoteza kaka na mtoto wako wa pekee kwa siku moja. Sina haki ya kukuomba kitu. Nimeona tu ni dhuluma ulie bila kujua.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Biubwa


Vihingo, Kisarawe
27 Julai 1952

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole na kazi. Hali yangu ni nzima ya mwili. Natumaini nawe u mzima, na mihogo ya huko Mkuza imesalimika na nguruwe.

Karibu mwezi sasa tangu nikuandikie. Barua niliipeleka kwa mkono wa mume wa kungwi, aliyekuwa akienda Kibaha kuuza mikeka, na yeye anaapa alikukabidhi mwenyewe ukiwa unapepeta mchele. Anasema uliifungua, ukatazama kidogo, ukaiweka chini ya ungo na kuendelea kupepeta. Kwa hiyo najua umeipata.

Sikulaumu. Nakuandikia tena kwa sababu hapa mambo yamezidi kuwa magumu na sina mwingine.

Mama sasa ana mazoea. Jioni, akisha kusali, hugonga ukuta, akaniambia, "Biubwa, nisomee ile barua uliyompelekea baba yako." Namwambia barua yenyewe iliondoka, mama, imechukuliwa na maji pamoja na sanduku lake. Yeye husema, "Ya kichwani haikuchukuliwa na maji." Basi namsomea kutoka kichwani. Nikifika mwisho naruka. Naweka salamu, naweka maneno ya kumwombea afya. Kila jioni mwisho unakuwa mwingine, nami naogopa siku moja atasema mbona jana hukusema hivyo.

Wanawake wanaokuja kumkalia wanauliza lini nitatolewa ndani. Mama amewajibu kwamba eda yake ikiisha mwezi wa nane na mavuno yakiingia, ngoma itachezwa, ndogo, kwa heshima ya marehemu. Na kila wakiuliza nani atanitoa, yeye husema atanitoa shangazi yangu, Bi Zubeda, kwani ndiyo desturi yetu na ndivyo kaka yake alivyotaka. Kungwi amekwisha kutafuta hina.

Mimi hukaa nikisikiliza kama wanazungumza habari za mtu mwingine. Usipokuja, watu watauliza kwa nini, na mama atauliza kuliko wote. Ukija, utanishika mkono mbele ya watu, mkono huu huu ulioandika. Sijui nikuombe lipi.

Ukiweza, nijibu hata kwa mstari mmoja. Hata ukiwa ni wa matusi.

Mimi mtoto wako,
Biubwa


Mkuza, Kibaha
16 Agosti 1952

Biubwa,

Marahaba. Mimi sijambo. Goti ni lile lile. Msalimu mama yako, umwambie mchele wa hitima niliupata.

Barua yako ya kwanza niliisoma kwa siku tatu. Siku ya kwanza nilifika pale uliposema ulitunga, nikaacha. Siku ya pili nilitaka kuitia motoni, nikakumbuka imetaja jina la Abeid, nikashindwa. Siku ya tatu nikamaliza.

Nilikaa kimya kwa kuwa kila neno lililonijia lilikuwa baya. Mtu mzima asimwandikie mtoto neno akiwa hivyo, kwani likisha kuandikwa halifutiki. Wewe sasa unalijua hilo kuliko mimi.

Wiki iliyopita nilipanda lori la mkaa mpaka Kisarawe, nikamtafuta Isihaka. Sikufika Vihingo. Nilikuwa karibu nanyi, sikutaka kufika. Nilimwambia Isihaka anieleze tena, bila kunipambia maneno. Akasita sana, kisha akanieleza neno ambalo hakulisema mbele ya wazee. Abeid hakutaka kutoka. Alikaa mlangoni akitazama juu, akasema, "Mjomba, hebu tungoje kidogo. Ndege wamekaa chini, hawaruki." Kaka yangu akamjibu, "Biubwa kaandika. Wewe umesoma wapi?" Watu wakacheka. Abeid naye akacheka, akachukua kamba, akapanda.

Nimekuandikia hilo si kwa kukuchoma. Uliniambia ni dhuluma nilie bila kujua. Basi tujue sote wawili.

Na mimi nina langu. Wewe umeandika kwamba wakubwa waliamua utolewe shuleni. Wakubwa hao ni mimi. Nilikuja Vihingo usiku ule ule nilipopata habari kwamba umevunja ungo. Kaka yangu aliniomba mbele ya mama yako tungoje shule ifungwe, zilibaki wiki sita. Nikamwambia ukoo wetu haujawahi kupeleka mwali barabarani na daftari kichwani, na kama anataka aibu aitafute peke yake. Alikuwa kaka, lakini mimi ndiye shangazi, na katika jambo la mwali neno ni langu. Akakubali. Sikumpa hata siku moja. Ningempa siku moja tu, ungeufikia ukurasa ule wa Alhamisi.

Nimelifikiria hili kila siku tangu nisome barua yako. Nalitazama huku na huku, halina mahali pa kushikia.

Nataka kitu kimoja kwako. Niandikie somo lote. Usiache hata neno, na usiongeze hata neno. Nataka kuujua upepo huo ni kitu gani.

Zubeda binti Mwinyimadi


Vihingo, Kisarawe
24 Agosti 1952

Kwa Bi Zubeda,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeipokea kwa mikono miwili. Nimeona umetia jina lako tu mwishoni. Sikutegemea zaidi ya hilo. Mama ametoka eda tangu Alhamisi. Ameoga, amevaa kanga yake ya kawaida, akaenda kisimani peke yake, akakaa huko muda mrefu. Hajambo.

Habari ya Abeid na ndege nimeisoma mara moja. Sijaweza mara ya pili.

Hili ndilo somo, nimelinakili kutoka daftari la Genoveva. Pale nisipofahamu nilimtuma kwa Mwalimu Sixtus, naye akamjibu bila kuuliza maswali.

Kimbunga huzaliwa baharini, mbali na nchi kavu, mahali maji yalipopata joto kwa siku nyingi. Maji ya moto hutoa mvuke, mvuke hupanda na kuwa mawingu, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi. Kwa kuwa dunia yetu inazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja. Inapinda, inaanza kuzunguka. Kwa upande wetu wa kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa, na kwa upande wa kaskazini huzunguka kinyume. Ni kitu kimoja duniani kote, ila majina ni mbalimbali: sisi twasema kimbunga au tufani, watu wa Amerika husema harikeni, na wa Uchina taifuni.

Katika bahari yetu huonekana tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne au wa tano. Vingi huishia Bukini, kile kisiwa kikubwa, au baharini. Pwani yetu havifiki ila mara chache sana, kwa sababu tuko karibu na ikweta, na hapo ule mzunguko hauna nguvu. Mwalimu alisema mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka hapa asikione hata kimoja. Ndiyo maana watu hawakijui, na wasichokijua hawakiogopi inavyostahili.

Upana wake ni maili nyingi, mia na zaidi. Upepo huzidi kadiri unavyokaribia katikati. Kisha upepo hutulia. Utulivu huu ni hatari kuliko upepo wenyewe, kwa sababu ni katikati tu ya kimbunga, mtu yeyote asitoke. Katikati hapo pana mahali ambapo hakuna upepo, panaitwa jicho. Jicho likipita juu ya mji, mvua hukoma, mbingu hufunguka, na watu husikia kimya. Huweza kuwa nusu saa, huweza kuwa saa nzima. Kuuzunguka utulivu huo pana kama ukuta wa upepo, na ndipo upepo ulipo mkali kuliko kote. Ukuta wa upande wa pili ukifika, upepo hurudi ghafla, na huja kutoka upande ulio kinyume na ule wa kwanza. Uliotoka kusini hurudi kutoka kaskazini. Miti na nyumba zilizokwisha kulegea kwa upande mmoja huangushwa kwa upande mwingine.

Wengi hawauawi na upepo. Bahari huinuka, ikisukumwa na upepo, ikaingia nchi kavu na kuchukua watu, ng'ombe na mashua. Mvua hujaza mito siku kadhaa baada ya upepo kwisha. Visima huingia chumvi, mashamba huoza, na maradhi ya tumbo hufuata. Kimbunga kikisha kuingia bara hufa chenyewe, kwa kuwa chakula chake ni maji ya moto, na bara hakuna.

Hapo ndipo daftari linapokoma. Sikuacha neno na sikuongeza.

Nimeliandika usiku mmoja na mchana mmoja. Nilipofika kwenye jicho nilifikiri, laiti ningekuwa nimeandika "sijui" tu. Herufi tano. Baba angetikisa kichwa na kusema mwanangu ni mkweli. Abeid angengoja na ndege wake.

Kuhusu wewe na siku ile ya Jumatano, sina la kukuhukumu. Ulifanya uliloliona ni heshima. Mimi nami nilifanya hivyo hivyo. 

Ngoma yangu imewekwa katikati ya mwezi wa kumi. Mama bado anasema utanitoa wewe. Sijamjibu ndiyo wala la.

Biubwa


Mkuza, Kibaha
20 Septemba 1952

Biubwa mwanangu,

Marahaba, na Mungu akuweke. Mimi mzima. Mvua za kwanza bado, tunapiga jembe kwenye vumbi.

Somo nimelisoma. Nimelisoma mara nyingi hata karatasi imelegea kwenye mikunjo. Jirani yangu aliniuliza ni barua ya nani, nikamwambia ni habari za upepo. Akasema, upepo nao una habari? Nikamsomea sehemu ya bahari kuinuka. Akauliza kama itafika Mkuza. Nikamwambia haifiki, kinafia bara. Nilijisikia ajabu, mimi kufundisha mtu.

Kwa miezi ile ya kwanza nilidhani mwanangu ameuawa na Mungu. Ulipoandika, nikadhani ameuawa na wewe. Kisha nikadhani na mimi. Sasa nasoma juu ya maji ya moto na dunia inayozunguka, na naona kitu kilichotoka mbali sana, kisichomjua mtu, nasi wawili tuliufungua mlango tu. Kuufungua mlango si kidogo. Lakini si kuua.

Nimekusamehe. Nimelisema kwa sauti nikiwa peke yangu kwanza, nijue kama ni kweli. Ni kweli.

Lakini sitakuja kukutoa. Usidhani ni hasira. Nimejaribu kuiona siku hiyo: nakushika mkono wenye hina, wanawake wanapiga vigelegele, wewe unang'aa. Abeid hakuifikia siku ya harusi yake. Nitaanguka pale katikati, na mama yako ataona. Mwambie goti limenizuia. Kanga nimempa mwenye lori, ni mpya, haijaoshwa. Jifunge hiyo, ndiyo itakuwa mkono wangu.

Mwaka ujao, nikiwa na nguvu, nitakuja tukae tule.

Shangazi yako


Vihingo, Kisarawe
9 Novemba 1952

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na jembe lako limepata ardhi laini, maana huku mvua za vuli zimeanza. Sisi hatujambo. Goti nalitaja kwa heshima yake tu, nikijua limebeba lawama za watu bure.

Nimetolewa. Dada yake mama ndiye aliyenishika mkono. Kanga yako nilijifunga, na nilipotoka nje jua liliniumiza macho hata sikuona watu, nilisikia sauti tu. Mama alilia na kucheka. Aliwaambia wote kwamba wifi yake ni mgonjwa, na kwamba kanga ile imetoka Mkuza. Nilicheza kidogo kama nilivyofundishwa, kisha nikakaa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Siku ya nne baada ya ngoma ilikuja mvua ya upepo, ile ya kawaida yetu. Tulikuwa ukumbini, mama, mimi na watoto wa jirani waliokuja kula mabaki. Upepo ukaangusha mbaazi, ukachukua ungo wetu, kisha ukakoma. Watoto wakaruka kwenda kuokota maembe machanga. Shangazi, najua somo. Najua kwamba kimbunga hakifiki hapa, na kwamba ile ilikuwa mvua tu. Lakini nilisimama mlangoni nikatandaza mikono, nikawakataza. Nilisema, "Hakuna kutoka. Upepo ukikoma hivi ndio hatari, utarudi kwa upande wa pili." Nadhani nilipiga kelele. Mimi, ambaye watu huniambia nipaze sauti. Watoto walinicheka, wakasema mwali amekuwa mwoga kwa kukaa ndani. Upepo haukurudi. Maembe yakaokotwa na wengine.

Mama hakucheka. Alinitazama muda mrefu, mkono wake bado uko kwenye sufuria. Watoto walipokwisha kuondoka akaniuliza, "Hayo ya upepo kurudi, alikufundisha mwalimu?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akauliza, "Na baba yako ulimwandikia hivyo?"

Shangazi, nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye makuti, na nilijua kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nilifungua kinywa kabisa niseme la. Kisha nikamwona jinsi alivyoshika ukingo wa sufuria, anaungoja mwisho ule ambao kila jioni nilikuwa naubadilisha.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Nilimwandikia."

Akaanza kucheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu Aprili. Akasema, "Basi alishika nusu. Ndivyo alivyokuwa. Ukimtuma chumvi na mafuta ya taa, anarudi na chumvi, anakuambia la pili hukulisema." Akacheka mpaka akaketi chini, na akiwa chini kicheko kikageuka. Alilia akimwita baba kwa jina, "Mwinjuma, Mwinjuma, hata barua ya mwanao hukuimaliza."

Nilimshika.

Tangu siku ile amebadilika. Hagongi tena ukuta kuniomba nimsomee. Analala. Amewaeleza majirani kwamba Biubwa alimwonya baba yake na marehemu, kwa haraka zake, akasoma upesi. Nao wanaitikia, wanakumbuka haraka zake nyingine, jinsi alivyowahi kuezeka nyumba ya watu akasahau mlango. Wanacheka kwa upendo. Lakini ni uongo, shangazi, na ni mimi niliyemtwika. Baba alisoma kila neno nililoandika. Alilisoma akaliamini, akalishika mpaka juu ya paa. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza kikamilifu kama yeye, nami nimemfanya mtu asiyesikiliza.

Nilitaka kwenda kwa mama nimwambie asubuhi yake. Nikamkuta amelala, jua limepanda, mdomo wazi kama mtoto. Nikarudi.

Wewe ndiwe dada yake. Ulizaliwa naye, nawe unajua kwamba alikuwa akisoma polepole, kila herufi. Ukija mwakani tukae tule, mama atakusimulia hadithi ile ya chumvi, na atakutazama akingoja ucheke. Nakuomba ucheke. Barua zangu zote zitie motoni, isipokuwa ile ya somo. Isihaka usimwambie, wala mtu yeyote wa Mkuza. Na mama, shangazi, mama asilijue kamwe. Libaki kwako na kwangu.

Mwanao,
Biubwa